Mujaaja wa kivulini na wa juani: ndani ya jani hubadilika nini?

Mkulima_Mukono: Habari zenu wakuu. Mujaaja, yaani kivumbasi, wa mbegu moja umepandwa sehemu mbili. Ulio chini ya migomba una majani mapana na laini, ila ukiyafikicha harufu ni hafifu. Wa juani una majani madogo, harufu kali. Jani lenyewe limebadilika ndani? Hadubini ya shule inatosha kuona?

Majani_Dawa: Limebadilika, ndugu. Juani seli za palisedi, zile zilizosimama kama fito za ukuta chini ya ngozi ya juu, hurefuka na jani hunenepa. Kivulini huwa fupi, nafasi za hewa chini yake ni kubwa, kutikula (utando wa nta juu ya ngozi) nyembamba, stomata (vitundu vya kupitishia hewa) chache kwa kila milimita ya mraba. Mafuta yenye harufu lakini yamo kwenye tezi za juu ya ngozi. Tezi nyingi huota jani likiwa changa. Likitanuka sana, zinaachana.

Hadubini256: Inatosha. Chuma jozi ya tatu ya majani kutoka kileleni, kivulini na juani, saa ileile. Ukilinganisha jani changa na kukuu utapima umri, si kivuli. Pasua kipande cha karoti, bana jani katikati, kata kwa wembe mpya uliolowa, mkono ukivuta mara moja bila kusugua. Kata vipande 20 hivi, uchague vile vinavyopitisha mwanga. Weka kwenye tone la maji, kamwe si spiriti, maana huyeyusha mafuta ya tezi.

Kuhesabu tezi, laza kipande cha jani zima, tumia lensi ya 10, ile iliyo karibu na jani. Kama lensi ya jicho imeandikwa namba ya uwanja 18, kipenyo unachokiona ni 18÷10, yaani mm 1.8, eneo ni karibu mm² 2.5. Hesabu sehemu 10, epuka mshipa mkuu.

Majani_Dawa: Kisha chora jani kwenye karatasi ya grafu upate eneo lake, uzidishe kwa wastani wa tezi kwa kila mm². Hapa wengi hukosea: jani lililosinyaa kwa ukame huonyesha tezi zilizosongamana, kumbe jumla yake kwa jani zima haijaongezeka.

Mkulima_Mukono: Asanteni sana. Nikipunguza majani ya migomba, majani haya ya mujaaja yaliyopo yatapona?

Hadubini256: Hapana, jani lililokomaa halijengi palisedi upya, na likipigwa na jua ghafla huungua madoa ya kahawia. Fungua kivuli kidogo kidogo mvua za Machi zikianza, kata mashina ya mujaaja, uchume yale yatakayochipuka baadaye.