Matangazo ndani ya Windows 11: skripti, LTSC au nihamie Linux?

Kibodi_Kavu
Wakuu habari. Windows 11 imenichosha. Nafungua menyu ya Start inanipendekezea programu sijaiomba, apdeti kubwa ikipita tu naulizwa tena habari za OneDrive, ile hifadhi yao ya mtandaoni. Wikendi hii nafomati. Nisafishe kwa skripti (amri za kuondoa takataka kwa mkupuo), niweke LTSC (ile Windows ya makampuni yenye sapoti ndefu), au nihamie Linux kabisa?

fundi_mstaafu
Home au Pro? RAM ngapi? Unafanyia nini hiyo mashine? Huwezi kuomba dawa bila kusema unaumwa wapi.

NusuBaiti
Mbona unakimbilia kufomati na setingi hujazigusa? Personalization, Start, zima mapendekezo. Privacy & security, General (matoleo mapya ni Recommendations & offers), zima advertising ID, kile kitambulisho cha kukulengea matangazo. Halafu nenda System, Notifications, shuka mpaka chini kabisa kuna vile visanduku vya Additional settings, toa tiki zote, hapo ndo linapotokea lile swali la kumalizia kuseti kompyuta.

Bi_Mdogo
Skripti mi sitaki hata kuisikia. Mdogo wangu alipata moja sijui wapi, unabandika mstari mmoja kwenye PowerShell kama admin inakuletea orodha ndeeefu, yeye akatiki zote. Mashine ikawa nyepesi, akatamba weee. Kesho yake anataka kuprinti barua, Word inasema hakuna printa, na printa iko mezani inawaka taa! Tukabadilisha waya, tukainstoli draiva upya, wapi. Kumbe skripti imezima Print Spooler, ile huduma inayopeleka kazi kwa printa, kule kwenye services. Tumeiwasha, ikaprinti, kucheki vizuri Microsoft Store nayo haipo, apdeti inafika katikati inagoma na kurudi ilikotoka. Restore point, yaani pa kuirudisha Windows ilivyokuwa, hakuna. Akafomati tu.

chapa_kodi
Sasa hapo skripti ina kosa gani, mtu anatiki asichokijua? Kuna programu ya kuzimia mambo ya Windows, O&O ShutUp10++, huinstoli hata, ni faili moja, inakuuliza kama utengeneze restore point, we baki kwenye alama za kijani, nyekundu usiguse. Ila apdeti kubwa zinaweza kurudisha baadhi, kwa hiyo uwe unaifungua tena mara mojamoja.

Kibodi_Kavu
Ni Home, 8GB. Natumia Photoshop na Excel ya makro.

fundi_mstaafu
Ndo ungeanzia hapo. Gpedit, ile zana ya kubadili sera za Windows, sahau, Home haina. LTSC ni tamu, IoT Enterprise ya 2024 ina sapoti mpaka 2034 na haiji na Store, lakini leseni yake haiuzwi kwa mtu binafsi, na za "kupewa na mshkaji" mi simo.

penguini_mweusi
Weka Linux Mint ulale usingizi. Linux haina matangazo.

NusuBaiti
Photoshop ataifungulia wapi, mkuu? Na hilo la Linux haina matangazo punguza, Ubuntu 12.10, nayo ni Linux, mwaka 2012 ulikuwa unatafuta faili lako inakuletea bidhaa za Amazon.

penguini_mweusi
Ilipofika Ubuntu 16.04 imezimwa yenyewe. Na ulikuwa unaing'oa kwa amri moja, jaribu kuing'oa Edge, brauza ya Microsoft, kirahisi hivyo.

chapa_kodi
Ulaya wanaing'oa kawaida, sheria yao ya masoko ya kidijitali, DMA, imewalazimisha Microsoft. Sisi wengine kitufe chenyewe kimepauka, hakibonyezeki.

Bi_Mdogo
Kwani Edge ina ubaya gani jamani? PDF zangu zote nasomea humo.

penguini_mweusi
Firefox pia inasoma PDF, dada.