Imeji ya diski iliyokatwa vipande: majina ya faili yapo, faili hazifunguki

Mtunza_Sauti
Wakuu, naomba msaada. Diski yangu ya GB 500 ilianza kugonga, nikawahi kutoa imeji yake yote (nakala ya kila baiti) kabla haijanyamaza. Nilikuwa nahamisha kwa flashi ya FAT32, ambayo haipokei faili ya GB 4, kwa hiyo niliikata vipande vya GB 2: disk.001, disk.002 na kuendelea. Ndani mna rekodi za marehemu mama akinisimulia maisha yake. Sina nakala nyingine.

Nikifungua disk.001 peke yake, programu ya kuokoa data inaiona patisheni ya NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili) lakini haioni faili hata moja. Nikaunganisha vipande vyote kwa amri ya cat. Sasa folda na majina yote yapo, ila baadhi tu ya rekodi ndizo zinazocheza; nyingine ni mikwaruzo mitupu. Imeji nzima ina baiti 497,960,378,368. Je, ndiyo basi tena?

Kasi_Mpya
Iendeshee chkdsk (kirekebisha diski cha Windows) hiyo imeji, itajirekebisha.

Fundi_wa_Sekta
Hapana, tafadhali usiiguse kwa chkdsk. Itaandika juu ya imeji ambayo bado hatujajua ina kasoro gani.

Pole kwa kufiwa na mama. Nadhani sauti yake ipo. Tazama hesabu: diski za GB 500 kwa kawaida zina sekta 976,773,168, na kila sekta ni baiti 512, jumla 500,107,862,016. Toa ulichonacho: zinapungua 2,147,483,648. Hiyo ni GB 2 kamili kwa hesabu ya 1,024, yaani kipande kimoja, wala si baiti moja zaidi.

Imeji ghafi haina kitu ndani yake kinachosema "mimi ni kipande cha ngapi". cat inabandika inachokikuta, na kilichofuata pengo kimesogea kuelekea mwanzo kwa GB 2. NTFS inahesabu mahali pa kila faili kuanzia mwanzo wa patisheni, hivyo inakwenda kusoma penye data ya faili nyingine. Majina unayaona kwa sababu jedwali la MFT, linaloorodhesha faili zote, mara nyingi huanza kama GB 3 ndani ya patisheni, yaani kwenye disk.002, kabla ya pengo. Ndiyo maana disk.001 peke yake haikukuonyesha kitu. (Ungetumia E01, aina nyingine ya imeji, uhakiki uliomo ndani yake ungekupigia kelele mapema.)

Vinatakiwa vipande 233. Hesabu vyako:

`ls disk.* | wc -l`

Kisha angalia namba ipi imerukwa.

Mtunza_Sauti
Ni 232! Kutoka disk.140 inaruka hadi disk.142. Nimetafuta kwenye flashi na kompyuta zote mbili, 141 haipo.

Fundi_wa_Sekta
Basi weka kipande kitupu cha ukubwa uleule kishike nafasi, uunganishe upya:

`truncate -s 2147483648 disk.141`
`cat disk.??? > nzima.img`

Faili zilizokuwa ndani ya 141 zitakosa data, lakini zote zinazofuata baada yake zitarudi mahali pake.

Na ile diski bado inawaka? Usiisome yote tena, itakufia mkononi. Chukua GB 2 hizo tu kwa ddrescue, programu ya kusoma diski mbovu. Hakikisha kwanza jina la diski hiyo ni /dev/sdb kweli kwenye mashine yako, na ukifute kile kitupu:

`ddrescue -d -i 300647710720 -s 2147483648 -o 0 /dev/sdb disk.141 ramani.map`

Namba ya kwanza ni 140 mara 2,147,483,648, yaani pale kipande cha 141 kinapoanzia.

Mtunza_Sauti
Kwa kipande kitupu, rekodi zote zilifunguka isipokuwa nne. Jana usiku nikaiwasha diski. Iligonga, ikatulia, ikasoma. ddrescue imeshindwa kusoma sekta 16 tu. Nimeunganisha tena na zile nne zinacheza. Moja inakatika kidogo katikati, mama akitaja majina ya dada zake. Asante sana, mkuu.

Fundi_wa_Sekta
Nimefurahi mno. Sasa piga sha256sum (alama ya kuhakiki kuwa faili haijabadilika) ya kila kipande uihifadhi, na leo hii tengeneza nakala ya pili.