Picha ya dhahabu ya Krishna yaingia unyevu

Swali (Mbeya): Ndugu zangu, jirani aliyehama alituachia picha ya Krishna, mungu wa Wahindu, akiwa mtoto na chungu cha siagi, yenye mapambo ya dhahabu yaliyoinuka hata kidole kinayahisi. Unyevu wa masika umeacha madoa. Je, niifute kwa maji?

Jibu (Iringa): Tafadhali usifanye hivyo, dada yangu. Miinuko hiyo ni unga wa chokaa uliochanganywa na gundi, kisha ukafunikwa kwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba kama karatasi, kwa hiyo maji yakipenya, chokaa hulainika na dhahabu hubanduka. Tumia brashi laini, kavu.

Jibu (Tukuyu): Nami naisihi familia yako iihamishie ukuta wa ndani. Ni sanaa ya Thanjavur, mji wa kusini mwa India, iliyostawi chini ya watawala Wamaratha, watu wa magharibi mwa India, walioushika mji huo kuanzia miaka ya 1670.