Mlango wa kabati umepasuka paneli, naomba jina la vanishi inayozuia mbao isicheze

Mpiga Msasa:
Wakuu, habari za jioni. Usingizi umekata. Nina milango sita ya kabati, fremu na paneli, mtiki mtupu, hakuna plaiwudi hata kipande. Mmoja una wiki tano tu tangu niufunge na umepasuka paneli. Asubuhi ufa ulikuwa kama unywele, jioni unapitisha ukucha. Naomba mwenye uzoefu anitajie vanishi inayoziba mbao kabisa isicheze. Mengine yote nilifanya inavyotakiwa.

Kisiki:
Vanishi huchelewesha unyevu, haiuzuii. Paneli umeikalisha vipi kwenye fremu?

Mpiga Msasa:
Kwenye mfereji, kama kawaida. Ninachouliza ni vanishi, mkuu.

Bawaba Mbovu:
Paneli imedai talaka. Mpe fremu nakala ya hati 😂

Mama Randa:
Pole mwanangu. Mimi niliwahi kukaza uso wa meza kwa skrubu kumi na mbili, nikajiona nimemaliza kazi. Kiangazi kilipoingia ukalia usiku wa manane, TA! Mume wangu akaamka na panga, akazunguka nyumba nzima akitafuta mwizi. Kumbe ni meza. Tangu siku hiyo matundu ya skrubu nayatoboa marefu ili mbao ipate pa kwenda, na milango natumia plaiwudi yenye uso wa mtiki. Nalala vizuri.

Mzee Jiliwa:
Vijana mna haraka. Sisi mbao ilikaa darini hadi tukaisahau. Siku hizi mtu anapasua Jumatatu, Ijumaa anapiga picha ya kabati. Kazi ni adabu kwanza.

Kisiki:
Mzee shikamoo, lakini hajajibu. Msasa, kwenye ule mfereji ulitia gundi?

Mpiga Msasa:
Kidogo.

Kisiki:
Kidogo wapi?

Mpiga Msasa:
Pande zote nne. Na vimisumari kwa nyuma. Lakini nilikuwa na sababu: paneli ilikuwa inagongagonga ukifunga mlango, nani anataka kabati lenye meno ya baridi? Halafu mtiki unajulikana hauchezi, ndiyo maana unawekwa kwenye sitaha za meli. Skrubu nimeshanunua. Mpango wangu ni kupiga mataruma mawili nyuma, ufa niujaze gundi na unga wa msumeno, halafu vanishi nzito ya kumalizia.

Kisiki:
Hapo ndipo penye ugonjwa. Mtiki hucheza kidogo kuliko mbao nyingi, si kwamba hauchezi. Ubao wa kawaida wa mtiki hubadilika upana kwa karibu 0.19% kila unyevu wake unapopanda au kushuka kwa 1%. Mfereji ni wa paneli kuteleza ndani. Wewe umeigeuza kuwa pingu. Na huo ufa ukiujaza sasa, hewa ikirudi kuwa na unyevu paneli itavimba, haitakuwa na pa kuingia, itasukuma viungo vya fremu. Vanishi uliipaka pande zote mbili?

Mpiga Msasa:
Mbele tu. Nyuma nani anaangalia?

Bawaba Mbovu:
Unyevu ndio unaangalia.

Mpiga Msasa:
Sawa, chekeni. Nimepima tena. Ufa unakwenda kushoto hadi kulia, na juu paneli imeachia fremu. Ukijumlisha ufa na huo mwanya, paneli ya mm 700 imefupika kama mm 5.

Macho Manne:
Nilikuwa nasoma kimya, sasa nimegundua hii ni chai. Mbao hupasuka kufuata nyuzi, haipasuki kwa kuzikata. Na kwa urefu wa nyuzi haifupiki kiasi cha kuonekana, sembuse mm 5. Mlango una kimo cha mm 700 halafu ufa unalala? Huyu hana kabati wala randa. Weka picha.

Mama Randa:
Na mimi niliyemwaga siri ya panga la mume wangu!

Mzee Jiliwa:
Ndiyo hayo ya adabu niliyosema.

Mpiga Msasa:
Si chai. Nyuzi za paneli nimezilaza. Michoro ya ule mtiki ilikuwa kama mawimbi, ikaonekana vizuri ikilala kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Sikudhani ni jambo la kutaja.

Macho Manne:
Ah. Basi naomba radhi. Hesabu inakubali kabisa: mm 700 zote ni za kukata nyuzi, unyevu ukishuka 4% unapata mm 5 na ushee. Ungezisimamisha, upana wa mlango ukiwa mm 400, ungehangaika na mm 3.

Kisiki:
Na vile vipande vya fremu vinavyosimama havifupiki, ndiyo maana paneli imechanika. Uzuri wa mawimbi unaweza kubaki. Kwa nyuma, ondoa mdomo wa mfereji kwa ruta au patasi, utoe paneli. Ipasue palepale penye ufa, nyoosha kingo, gundisha upya. Irudishe bila gundi, ikiwa na nafasi ya mm 3 au 4 juu na hivyo hivyo chini, kwa sababu sasa ni kiangazi na iko kwenye udogo wake. Ishikize kwa vipande vyembamba vilivyopigwa kwenye fremu peke yake. Tone moja la gundi katikati ya kimo, kushoto na kulia, litaondoa hayo meno ya baridi. Vanishi ipake mbele, nyuma na kingoni kabla ya kuirudisha. Skrubu zako zitunze.

Mpiga Msasa:
Basi huo mmoja nitautengeneza. Mingine ni mizima.

Kisiki:
Mingine nayo umeitia gundi?

Mpiga Msasa:
Miwili tayari. Mitatu nilipanga usiku huu.

Mama Randa:
Weka hiyo chupa chini!

Mpiga Msasa:
Nimeiweka, mama. Ila mmoja nilikuwa nimeshaukaza klempu.

Kisiki:
Dakika ngapi zimepita?