Je, kukwanguliwa chini ya ufizi kumeniharibia meno?

Swali (Lanet, Nakuru)

Hamjambo wenzangu. Kwa muda mrefu fizi zangu zimekuwa zikitoka damu kila nipigapo mswaki, na mwezi uliopita nikaenda kwa daktari wa meno. Alipitisha kijiti chembamba chenye alama kando ya kila jino huku akimtajia msaidizi wake tarakimu, 3, 5, 5, 6, kisha akaniambia kwamba ugonjwa umeshuka hadi kwenye mfupa. Alinidunga sindano ya ganzi akakwangua upande wa kulia. Wa kushoto bado. Sasa meno ya kulia yanaonekana marefu, yana mianya ambayo sikuwa nayo, na maji baridi yananichoma. Mume wangu anasema nisirudi. Naombeni ushauri.

Jibu (Kakamega)

Pole, dada. Kazi yangu ni afya ya kinywa, na swali hili naulizwa mara kwa mara. Tarakimu hizo ni milimita za kina cha mfuko ulio kati ya jino na ufizi. Hadi 3 hakuna neno. 5 na 6 ni kina ambacho mswaki haufiki, na humo ndimo ukoga huganda ukawa mgumu kama jiwe. Mianya unayoiona ilikuwa imejazwa na ukoga huo pamoja na uvimbe wa ufizi, kwa hiyo daktari hakuitoboa, bali ameifunua. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kwa kukwangua, lakini uliobaki unaweza kuokolewa, na ndiyo sababu nakusihi usiuache upande wa kushoto. Kuchomwa na baridi kwa kawaida hupungua baada ya wiki chache. Ukiona usaha, uvimbe mpya au homa, usingoje tarehe yako. Uliza pia utapimwa lini tena, kwa kawaida baada ya miezi 2 au 3. Je, umepimwa sukari?

Jibu (Kondele, Kisumu)

Hilo la sukari lizingatie sana, dada. Mimi nina kisukari, na nilielezwa kwamba sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikiugua sukari nayo huwa vigumu kuidhibiti. Nilipewa vijibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno. Juma la kwanza kila kimoja kilitoka kikiwa chekundu, nikaogopa nikataka kuacha. Kufikia juma la tatu vilikuwa vikitoka vyeupe.

Jibu (Njoro)

Naongeza jambo moja kwa sisi tuliokulia kwenye maji ya visima vya huku Bonde la Ufa. Madoa ya kahawia ambayo wengi wetu tunayo yametokana na floraidi iliyoingia jino lilipokuwa likiundwa utotoni. Hayo hayakwanguliki, kwa hiyo yakibaki usidhani kazi haikufanywa vizuri.

Muulizaji

Asanteni sana. Madoa hayo ninayo, na kweli nilidhani yangetoka. Sukari sijawahi kupimwa. Nimempigia daktari simu, nitarudi Alhamisi kwa upande wa kushoto, na mume wangu amekubali kunisindikiza ili aelezwe mwenyewe.