Naomba ushauri: mbawakawa ndani ya majani ya mkole

Wakuu, habari za leo. Wakubwa, shikamooni.

Nina mkole nyuma ya nyumba hapa Muheza. Tangu mvua zianze, majani yanatoka mabaka ya kahawia kama malengelenge. Nikiinua jani kwenye mwanga wa jua naona buu bapa asiye na miguu anakula katikati ya ngozi mbili za jani, mavi yake meusi yamejaa humo humo.

Nilidhani ni nondo, nikapulizia mwarobaini. Wapi! Buu kajifungia ndani, dawa inaishia juu. Juzi baka moja likapasuka, akatoka mbawakawa wa kama milimita 3, amechongoka nyuma, anang'aa kama shaba. Nahisi ni jamii ya Trachys, ndugu wa wale wanaotoboa mbao.

Sasa nataka kuwafuga niwaone vizuri. Nimeweka majani kwenye chupa mara mbili. Yamekauka, mabuu yakafa.

Naomba kujua: jani lililokatwa nilitunzeje mpaka buu akomae? Na je, kuna aliyewahi kuwaona kwenye bamia? Zangu ziko hatua chache tu kutoka hapo.