Ukoo wa Ngomeni 🌴

*Jumatatu, 24 Machi 2025*

Mwanaidi 09:02: Assalam aleikum ukoo. Leo saa nane u nusu ile roketi ya huko kwa Omari inarushwa. Tukutane kwa babu, tuitazame kwenye TV kubwa. Mia tano kila mtu: bando, mafuta ya jenereta na futari. Tuma kwangu, si kwa Juma.

Juma 09:40: Mbona si kwa Juma?

Mwanaidi 09:40: Wajua.

Halati Rukia 10:15: 👍🏽

Mwanaidi 10:16: Halati, kidole si mia tano.

Omari Norwei 10:31: Da Mwana, mimi si wa hiyo kampuni. Nasoma Narvik. Roketi iko kisiwani Andøya.

Mwanaidi 10:31: Si huko huko tu?

Omari Norwei 10:34: Haya. Yaitwa Spectrum, ya Wajerumani, Isar Aerospace. Ni ndogo, mita 28. Chini ina injini tisa, zachoma propani na oksijeni ya kimiminika.

Kibwana 10:35: Propani si ile ya mtungi wa jikoni? Da Mwana, toa mtungi wako wamalizie safari 😂

Omari Norwei 10:38: Jamii hiyo hiyo. Uzuri wake haigandi mpaka nyuzi 188 chini ya sifuri, kwa hivyo yaweza kupozwa karibu na baridi ya oksijeni, na tangi likabeba zaidi. Mafuta ya taa hapo yangekuwa jiwe zamani.

Ami Shee 11:05: Omari, babu yenu kawavusha Wataliano kwenda San Marco, lile jukwaa lao la kurushia roketi hapa baharini, miaka yote ile, na walimwambia pa kurushia ni ikweta, dunia yakusukuma bure. Hao wa barafuni wana wazimu?

Omari Norwei 11:12: Ami, walisema kweli, kwa satelaiti za kuzunguka ikweta kama Uhuru ya 1970. Msukumo wenyewe ni kama mita 465 kwa sekunde, kwenda mashariki. Lakini satelaiti za kupiga picha dunia nzima hupita ncha hadi ncha. Kwao msukumo huo ni mzigo, lazima waukate. Na Andøya ukielekeza kaskazini mbele ni bahari tupu, hakuna wa kuangukiwa.

Kibwana 11:13: Isipokuwa pweza

Halati Rukia 11:20: Pweza wa huko kilo pesa ngapi?

Mwanaidi 11:21: JAMANI MCHANGO. Mpaka sasa ni watatu.

Omari Norwei 15:10: Imeahirishwa. Upepo.

Juma 15:22: Na mafuta ya jenereta nishanunua.

Mwanaidi 15:23: Kwa pesa za nani?

Juma 15:23: Zangu.

Mwanaidi 15:24: Zako kama picha ilivyo yako?

Kibwana 15:25: Ngoja niweke simu chaji

Juma 15:41: Niliipeleka kutiwa fremu.

Mwanaidi 15:42: Tangu lini? Babu na Wataliano juu ya jukwaa, wiki ya kurushwa ile satelaiti ya Uhuru, nakala moja duniani, leo iko sebuleni kwa mkeo Nairobi.

Juma 15:50: Huku pwani chumvi ingeila.

Babu Athmani 21:15: 🎤 0:41

Ami Shee 21:30: Wasio na bando nawaandikia. Babu asema kwake haiwashwi TV ya roketi ya mtu mpaka picha yake irudi ukutani. Na Omari ampigie mamake.

Omari Norwei 21:31: Nimesikia babu.

Juma 23:04: Sawa babu.

*Jumapili, 30 Machi*

Zuhura Jeddah 08:10: Idi Mubarak ukoo wote! 📷

Kibwana 08:12: Huku twafunga, ondoa hiyo biriani

Mwanaidi 09:00: Leo ndiyo leo. Saa nane u nusu.

Omari Norwei 12:58: Saa SABA u nusu! Ulaya saa zimesogezwa mbele usiku.

Mwanaidi 12:59: Nani kazisogeza? Watu nishawaita nane!

Omari Norwei 13:30: Imepaa

Omari Norwei 13:32: Imeanguka. Kama sekunde 30. Iliyumba, wakazima injini, ikaingia baharini. Kituo hakikuguswa.

Kibwana 13:32: Pweza 😭

Halati Rukia 14:20: Niko mlangoni kwa babu, mbona pamefungwa?

Juma 14:26: Niko basini, nimepita Kilifi. Picha ninayo. Fremu ilivunjika.

Mwanaidi 14:27: Ilivunjika vipi?

Mwanaidi 14:40: Juma?

Mwanaidi 14:41: Omari, ya pili lini?

Omari Norwei 14:55: Hawajataja siku. Wasema inaundwa.

Mwanaidi 14:56: Basi mchango wabaki kwangu.

Kibwana 14:57: 👀

Mwanaidi 14:58: Na Juma aje na risiti ya mafuta.